Mizinga ya Mama na Mahindi ya Baba

Jumatatu, 3 Novemba

Baba amekubali! Nusu nusu, uso ameukunja, lakini amekubali. Naandika haraka kabla hajabadilisha nia.

Mpango ni huu. Shirika letu la Mapito, linalolinda njia za wanyama, litazungushia shamba letu hapa Mraru uzio wa nyuki. Nguzo, waya, na mizinga inayoning'inia kwenye waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kuuliza ni nani. Na ndovu, pamoja na ukubwa wote ule, anawaogopa nyuki! Wanamuuma machoni na ndani ya mkonga. Kile kichaka chetu cha chini hakizungushiwi kitu. Kinabaki wazi ili ndovu wapite kutoka mbugani kwenda majini na kurudi, kama walivyopita kabla babu hajazaliwa.

Sharti la Baba: mahindi ya msimu huu yakifika ghalani, kichaka kitabaki cha wanyama, na atawapa Shirika mkono mbele ya chifu. Yakiliwa, anamuuzia kichaka yule jamaa wa ploti anayempigia simu kila wiki. Jamaa atajenga ukuta wa mawe. Ukuta pale ni mwisho wa njia, maana huku ni barabara ya Taveta na kule ni nyumba za watu.

Simlaumu Baba. Mwaka jana ndovu walimaliza shamba lote, hata maboga. Alikaa kwenye kiti chake siku nzima bila kusema neno. Sitaki kuona kimya kile tena.

Kiongozi wao ni jike mwenye sikio lililochanika. Baba anamwita Shemeji, kwa sababu anakuja bila kualikwa, anakula, anaondoka bila kuaga. Mama hapendi kabisa. Anauliza kwa nini asiitwe jina la upande wa kina Baba.

Jumatano, 5 Novemba

Niko Voi kwa semina hadi Ijumaa. Nimelala kwa shangazi.

Opiyo, mwenzangu wa Shirika, amepiga simu kutoka nyumbani. Mizinga imefika! Ni ya zamani, kutoka shamba lingine lililofunga kazi. Anasema ni myeusi myeusi, inanata, inanuka kama kabati la nyanya yake. Alisikika yuko mbali sana nayo. Huyu Opiyo ana maajabu yake. Alizaliwa kambi ya mkonge, amekanyaga nyoka akiwa pekupeku, lakini nyuki mmoja tu na anakimbia. Na ndiye wamempa mradi wa nyuki!

Wakubwa wa Shirika wanakuja Ijumaa kuzindua uzio. Mama ameshajua. Amemtuma Opiyo aniambie nilete majani chai na sabuni.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku nzuri ajabu! Nimefika nimekuta mizinga imeshaning'inizwa kuzunguka shamba lote. Inang'aa! Mbao nyeupe kabisa, utadhani imetoka dukani leo. Nikamuuliza Opiyo kama si alisema ni myeusi. Akasema alipoondoka jana ilikuwa myeusi. Mama alipita kifua mbele akibeba sinia la chapati.

Wakubwa walipiga picha nyingi. Mmoja alisema hajawahi kuona mizinga safi namna hii tangu aanze kazi. Mama aliitikia "Asante" tatu kwa mpigo. Baba alitoa hotuba fupi: yeye amewapa nyuki nyumba bila kodi, sasa anangoja wapangaji. Watu walicheka sana, naye akajifanya hakuona.

Kavinya, bosi wetu wa kazi za mashambani, hakuja. Yuko Mboghoni, ambako viboko wanamaliza mboga za watu.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua! Mvua kabisa, ya kuloweka. Mahindi yameshika kasi. Kila kichaka kina maua. Huu ndio wakati nyuki wanahama kutafuta makao.

Wapangaji bado.

Jumatatu, 24 Novemba

Bado. Baba ananiuliza kila asubuhi akiwa na kikombe mkononi, kwa adabu ya kuudhi: "Wendy mwanangu, wapangaji wamefika?" Najibu, bado Baba. "Pengine wanatafuta penye stima."

Leo nimemwona mmoja. Nyuki mmoja mzima! Aliingia mzinga wa karibu na choo, mimi nikaacha kupumua. Akazunguka ndani, akatoka, akaenda zake. Kama mtu aliyeonyeshwa chumba akakiona kibaya.

Mahindi yanafika magotini. Jamaa wa ploti amepiga tena. Baba alisimama nje akiongea naye muda mrefu, akiangalia kichaka. Sikupenda anavyokiangalia. Nimekosa hamu ya kula, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula.

Alhamisi, 27 Novemba

Nitacheka hadi nife. Nijaribu kuandika kwa mpangilio.

Kavinya amekuja. Alifungua mzinga wa kwanza, akatia kichwa ndani, akakaa humo. Akatoa kichwa. Akafungua wa pili. Akatuita sote, akauliza polepole, kwa ile sauti yake ya kunyoosha maneno: "Ni nani amefua hii mizinga?"

Mama akajitokeza mbele. Kwa fahari! Akasema ni yeye, na haikuwa kazi ndogo. Aliiloweka kwenye karai, akaisugua kwa Omo na brashi ya nguo, akasuuza kwa Jik ya kutoa madoa, akaianika juani. Yale masizi na ule uchafu wa manjano ulionatana kwenye pembe aliukwangua kwa kisu wote, akatupa kwa kuku. Wageni wanakuja, jamani, wangekuta uchafu ule ingekuwaje?

Kavinya akafunga macho. Akaeleza. Ule uchafu wa manjano ni nta. Harufu ile ya kabati la nyanya yake Opiyo ndiyo inayowaambia nyuki kwamba hapa wenzao waliwahi kuishi wakaona raha. Mama ameiosha yote. Sasa nyuki wakija wanakutana na harufu ya Jumamosi ya kufua.

Mimi nilisoma mambo ya nta semina nzima! Nikaona mizinga inang'aa, nikapiga picha, nikaweka kwenye status.

Mama alishika mdomo. Halafu tukasikia sauti, kama mtu anakabwa. Ni Baba. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi kiti kikamtoka, akacheka akiwa chini, akipigapiga udongo. "Gertrude! Umewafulia nyuki!" Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana. Opiyo alijaribu kujizuia, akashindwa. Kavinya naye akaangua kicheko. Mama alituangalia mmoja mmoja, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Hakuna aliyepewa chakula cha mchana. Imetustahili.

Ijumaa, 28 Novemba

Kavinya hana nta. Shamba lile jingine nalo halina. Ameahidi kuitafuta, lakini mvua ikiisha nyuki nao hutulia, na mahindi hayangoji mtu.

Mama ameondoka alfajiri na leso mbili na kikapu, bila kusema anaenda wapi. Baba anajifanya hana wasiwasi. Ameenda barabarani kuangalia mara nyingi mno kwa mtu asiye na wasiwasi.

Jumatatu, 1 Desemba

Mama amerudi! Kumbe alikuwa Mghange kwa mjomba Geoffrey, kaka yake. Mjomba ana mizinga ya magogo huko juu, ya kizamani, aliyorithi. Alikuwa na bonge la nta kubwa kama kichwa cha mtoto, jeusi kwa uzee. Mama alipolitoa kwenye leso, nyumba nzima ikanuka asali na moshi.

Hakukubali mtu amsaidie. Ameliyeyusha, amepaka ndani ya kila mzinga kwa mikono yake, pembe kwa pembe, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Sabuni imepigwa marufuku karibu na uzio. Opiyo alifika amejipulizia manukato, akarudishwa barabarani akapigwe upepo kwanza!

Nta iliisha kabla ya kufika mzinga mmoja, ule wa kona penye maboga. Mama alikwangua sufuria, akapata alama tu ya kuupaka.

Baba amesema sasa ameokolewa na shemeji wa kweli kutoka kwa Shemeji wa masikio. Mama amecheka. Amani imerudi, na ugali pia.

Ijumaa, 12 Desemba

Wamekuja! Wamekuja! WAMEKUJA!

Jamhuri Dei, tuko nje tunakula mbuzi. Nikasikia kama lori mbali, lakini juu. Nikainua kichwa — wingu jeusi linatembea! Baba akapiga kelele tulale chini. Sote chini, na nyama pia. Opiyo hakulala. Opiyo aliruka dirisha la jikoni, na dirisha lile mimi sijui mtu mzima anapitaje.

Wingu likazunguka juu ya choo, likapungua, likaingia kwenye mzinga kama maziwa kwenye chupa. Hata hatukuamini. Mama aliinuka na majani kichwani akapiga vigelegele, mpaka majirani wakadhani kuna mahari.

Baba aliwasogelea taratibu, kofia mkononi. Akawakaribisha. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Karibuni. Choo kiko hapo karibu."

Opiyo alitoka jikoni baadaye amevaa lile vazi la nyuki, hadi glavu, akala mbuzi hivyo hivyo. Mama ananiambia huyu kijana angenifaa, hatawahi kutoroka mbali. Mama!

Jumapili, 21 Desemba

Wanaingia kama watu wa Voi siku ya soko. Kila siku chache mzinga mmoja. Nikirudi kanisani nazunguka uzio, naweka sikio mbali kidogo, nasikiliza. Sauti hii naipenda kuliko redio.

Wa kona bado mtupu. Tumejaribu kila kitu isipokuwa kuusihi kwa magoti.

Mahindi yamebeba. Kavinya anasema walinzi wa Shirika wameona kundi la ndovu ng'ambo ya barabara, likipumzika. Nikamuuliza, kiongozi sikio limechanika? Limechanika.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi njema kwangu mimi. Pilau, chapati, mjomba Geoffrey ameshuka kukagua nta yake. Baba amehamishia kiti chake karibu na uzio. Anasema ni kwa sababu ya kivuli. Hakuna kivuli pale.

Jamaa wa ploti alipiga kutakia heri. Baba alimwambia wazungumze mahindi yakiiva.

Jumanne, 6 Januari

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya pipa la maji. Wapo! Hapa! Sasa hivi!

Mama ndiye aliyewaona kwanza, akienda kuchukua kuni za chai. Walitokea kichakani bila sauti hata kidogo, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Shemeji mbele. Na pembeni yake — ee Mungu — katoto. Kapya kabisa. Kanapita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama, na mkonga bado hakajui wa kazi gani.

Baba alitoka na sufuria na mwiko, tayari kupiga kelele. Nilimshika mkono. Shemeji akaja moja kwa moja hadi kwenye waya, mahindi yako pale mbele yake, mabichi, matamu. Akasukuma kwa kifua. Mzinga ukayumba. Nikasikia ile sauti ikipanda.

Wakatoka! Shemeji alitikisa kichwa, masikio yakapiga kama mtu anayekung'uta shuka, akanguruma kwa chini, ngurumo niliyoisikia tumboni. Akarudi nyuma. Katoto kakageuka kukimbia, kakajikwaa, kakakimbia tena. Nimecheka na machozi yananitoka. Opiyo yuko kando yangu, hana vazi, hana glavu, wala hajakimbia. Nadhani amejisahau.

Lakini hawajaondoka. Wanafuata waya, taratibu, mmoja nyuma ya mwingine. Wanaelekea kona ya maboga. Kwenye ule mzinga mtupu. Mama ameanza kuomba.

Shemeji amesimama mbele ya mzinga ule. Upande mmoja kichaka na njia ya majini. Upande wa pili mahindi yetu yote. Ameinua mkonga, ananusa mzinga. Anajua? Hajui? Mama alikwangua sufuria kwa ajili ya ule. Harufu ipo kidogo, lazima ipo! Katoto kamejibanza kwenye mguu wake.

Simu ya Baba inalia. Jamaa wa ploti, asubuhi yote hii! Baba ameiangalia. Ameweka sufuria chini, polepole, isilie. Amenipa simu bila kutoa macho kule konani.

Amenong'ona, "Mwambie nina wageni. Mwambie Shemeji ametuletea mtoto tumwone."