Mabati Yako Yameingia kwa Injini

Kipsongo, Kitale
Jumapili, baada ya kanisa

Mpendwa Baba,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute umeketi pale mlangoni pako, na kile kikohozi kimekupa nafasi. Mguu je? Bado unakataa kuamka asubuhi? Mimi ni mzima ila nimechoka, Baba. Nimechoka ule uchovu ambao mtu akilala anaamka nao. Naandika kwa sababu wewe na simu hamsikizani tena. Juzi nimepiga kelele mpaka majirani wa hapa wakajua habari zetu zote. Dada Nasimiyu atakusomea. Nasimiyu, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona nimeaibika.

Kitale si mbali na Kamukuywa, najua. Lakini mtu akiwa hana cha kuleta nyumbani, ni mbali kweli. Ndiyo maana mwaka mzima hujaniona.

Habari ni ya pikipiki. Ilianza kutoa moshi wa buluu tangu wakati wa kupalilia, nami nikajifanya sioni. Abiria wakaona. Mwalimu mmoja ambaye nimembeba kila asubuhi miaka miwili aliniambia kwa upole kwamba darasa lake linanuka moshi, na kesho yake nikamwona nyuma ya mwenzangu. Sikumlaumu. Ikafika mahali nakaa stejini tangu asubuhi hadi saa sita, wenzangu wanaenda na kurudi, mimi nafuta kiti. Halafu wiki tatu zilizopita ikazima kabisa, nikaisukuma kwa miguu mpaka kwa Fundi Hamisi, yule mzee mwenye kibanda karibu na msikiti.

Aliifungua mbele yangu. Silinda ilikuwa imekwaruzika, na kwa sababu ilishachongwa mara mbili, hapakuwa na nyama ya kuchonga tena. Pistoni ilicheza ndani kama jino la mtoto. Akachovya kidole kwa oili, akainusa, akaniuliza nainunua wapi. Nikamwambia ukweli, na wewe nakuambia. Hapa tunauziwa oili kwa chupa za soda, ile imemwagwa kutoka kwa malori, mtu akaichuja na kitambaa. Ni bei rahisi. Nimeitia mwaka mzima.

Fundi akasema, "Kijana, hii injini haikuzeeka. Umeilisha uchafu."

Baba, unajua kwa nini niliinunua oili hiyo? Nilikuwa nabana matumizi ili nipate pesa ya mabati yako. Nasimiyu aliniambia Mama analala na karai miguuni kukinga maji, nikaapa mvua nyingine haitawakuta hivyo. Kila chupa ya oili chafu nilihesabu ni msumari mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa naziba kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kulikuwa na njia tatu. Kuiuza kwa watu wa vyuma vikuukuu, na mmoja alikuja kweli, akaipima kwa macho kama mbuzi mgonjwa. Kuweka injini nyingine iliyotolewa kwa pikipiki ya ajali, rahisi, lakini nambari yake haitalingana na ile ya logbuku, na polisi wakikusimamisha utaeleza nini? Au kuijenga upya hii yetu, silinda na pistoni na ringi mpya, na kumaliza kila kitu nilicho nacho. Nilizunguka na hayo mawazo siku nne. Nilifikiria kuacha boda, nikabebe magunia ya mahindi kwa mastoo. Nikaenda nikabeba siku mbili. Mgongo ulinijibu.

Nilipoanza hii barua nilitaka kukuomba shauri, Baba. Nasimiyu, hapa ndipo usiruke. Sikungoja shauri. Ile pesa ya mabati nimeshaitoa yote. Iko ndani ya silinda.

Uliuza mikaratusi ya nyuma ya nyumba ili uninunulie chombo hiki, na miti hiyo ndiyo ilikuwa inakinga upepo usiinue paa. Sasa pikipiki imekula miti yako, na imekula mabati yako pia. Nisamehe. Usiku sipati usingizi kwa hilo.

Injini imewaka jana, kiki moja tu, na moshi hakuna. Lakini Fundi amenipa masharti. Pistoni mpya na silinda mpya lazima zizoeane kwanza. Niende mwendo wa pole, kwa barabara ndefu, bila abiria, bila mzigo, mpaka aridhike. Kwa hivyo wiki hii sitapata hata shilingi. Nikafikiria, barabara ndefu ninayoijua ni moja. Nitafika Jumatano, polepole kama msafara wa harusi. Sitaleta sukari wala unga. Nitaleta kopo moja la lami, nipande juu nizibe yale matundu ya misumari, angalau karai lirudi jikoni.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie Kukhu, mwambie mjukuu wake bado anakula. Na shangazi Nekesa wa ndizi pale sokoni, aniwekee chache.

Baba, jambo la mwisho. Miaka yote ile Bungoma ulibeba watu kwa baiskeli, kutoka stesheni hadi soko, mvua na jua, na mimi sijawahi kukuona umeketi nyuma ya mtu. Fundi anasema nikishafika nyumbani injini itaweza kubeba mtu mmoja, mradi asiwe mzito. Nasimiyu ananiambia siku hizi umekonda. Mwambie Mama aanike lile koti lako.

Ni mimi mwanao niliyekula paa lako,
Wafula