Mstari Uliopita Shambani Kwetu

Malinya, Alhamisi. Mvua imeanza saa nane na bado haijakatika.

Nina miezi miwili na siku nne tangu niitwe mke wa Zablon, na mpaka leo nikisikia hatua zake uani moyo hunienda mbio. Asubuhi nilivaa gauni la maua analolipenda, tukaenda kortini Kakamega. Nilikwenda kama mtu aendaye karamuni.

Nimerudi sina nguvu hata ya kuwasha moto.

Kesi ni ya shamba hili, aliloachiwa na marehemu baba yake. Baba mdogo wake anadai nusu, ingawa lake alipewa zamani akaliuza. Wiki moja kabla ya harusi yetu, hakimu aliamua sehemu ya kwanza: baba mdogo ana haki ya nusu. Mstari utapita wapi, akasema, ataamua baadaye, mpima ardhi akileta ramani.

Zablon alitaka kumwona wakili siku ileile. Ni mimi niliyemzuia. Nilimwambia, "Kesi haijaisha, mpenzi. Tuoane kwanza. Ikiisha utakata rufaa ya yote pamoja."

Nilidhani kesi ni kama mtihani, unangoja matokeo yote ndipo ulalamike.

Leo mstari umesomwa. Nyumba ya mama mkwe imebaki kwetu. Nyumba yetu mpya imeangukia upande wa baba mdogo. Zablon akamwendea karani, hana wasiwasi. "Sasa tunakata rufaa."

"Ya mstari, sawa. Ya nusu, hapana," karani akajibu. "Ule uamuzi wa kwanza ulikuwa na rufaa yake, siku thelathini. Hamkuja. Kila siku nawaambianga watu, msingoje mwisho."

"Tukiomba kuongezewa muda?"

"Mlikuwa wagonjwa?"

Zablon akanitazama. "Tulikuwa tunaoana."

Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Hongera, bwana mwalimu! Lakini nimwandikie jaji hivyo?"

Kwa hiyo tumebakiwa na rufaa ya mstari tu. Tukiusogeza uiokoe nyumba yetu, utachukua nyumba ya mama mkwe na kaburi la mumewe. Nusu ya shamba lazima iende.

Njiani Zablon alinifunika kwa koti lake, akaloa yeye. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Laiti angenikaripia.

Tangu bendera yetu ya uhuru ipandishwe, watu wanasema kila mtu sasa atakaa kwake. Sisi kwetu ni wapi?

Anasema atakata hiyo rufaa, kwa ajili yangu. Mama yake atahamia kwetu. Mama mwenyewe hajaambiwa.

Siwezi. Kesho, kabla hajaenda shuleni, nitamwambia aiache rufaa. Tutakaa chumba cha nyuma kwa mama. Mabati ya nyumba yetu tutayang'oa sisi wenyewe.