Mdomo wa Mashine

Jumatatu, 13 Januari
Mashine ya nne tangu Krismasi. Injini kuukuu ya pikipiki, visu vya springi ya lori. Inakata chakula cha ng'ombe cha siku nzima kabla chai haijapoa. Sikufundishwa na mtu. Niliichora kwa chaki sakafuni, hapa hapa mtaani Rhonda, na sasa Subukia wananiulizia. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Mzee Githinji wa Subukia alikuja na mkewe, Mama Ciku, kuchukua yao. Akalalamikia mdomo wa kulishia, eti ni mrefu mno. "Kata hapa kidogo, fundi. Mabua inakwama." Nikakata. Mteja ni mfalme.

Alhamisi, 16 Januari
Wengine wawili wametaka mdomo mfupi, mmoja wa Ndabibi. Nimewakatia.

Jumamosi, 18 Januari
Simu kutoka Subukia. Mashine imemkata Mama Ciku. Vidole vinne, mkono wa kulia.
Nimefunga karakana.

Jumatatu, 20 Januari
Nimetoka hospitalini kumwona Mama Ciku. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.
"Mzee ndio alisema ukate," aliniambia. "Lakini fundi ni wewe."
Kweli. Ule mdomo niliufanya mrefu ili mkono usifike kwenye visu. Nilijua, na bado nikakata. Najichukia.

Jumatano, 29 Januari
Nimewafuata wale wawili na mashine ya kuchomelea. Wa kwanza alikubali, nikamrudishia mdomo mrefu. Yule wa Ndabibi akanicheka, eti naogopa kivuli changu. Nikafungua nati, nikaondoka na visu. Alinitukana mpaka barabarani. Akitaka aniitie polisi. Visu hapati mpaka akubali mdomo.

Jumamosi, 15 Februari
Mama Ciku alifika karakana, peke yake. Mkono umefungwa bendeji. Nilimpa kiti, akakataa.
Nilikuwa nimemaliza mashine mpya, mdomo mrefu kuliko ule wa kwanza. Akauliza kama imezimwa. Nikamwonyesha injini iko chini, haijafungwa. Akaingiza mkono wa kushoto, ule mzima, mpaka kwapani. Akapapasa. Akajinyoosha, shavu likagusa bati. Vidole havikufika kwenye visu.
Akautoa taratibu, akaupangusa kwa leso.
Akasema nimpelekee hiyo kesho, ng'ombe hawajala vizuri tangu aumie.