Kurasa Mbili Zilizogandana

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Kachero wetu,

Marahaba. Najua ukifungua tu bahasha utaniamkia, hata kama sikusikii, kwa hiyo nimekuitikia kabisa. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu wawili wameacha kukohoa? Baridi ya huko imelegea, au bado mnalala na soksi? Sisi huku wazima. Nimeandika wazima, na safari hii sijatia chumvi hata kidogo.

Alhamisi nilikupigia simu nikaishia kulia, ukalia na wewe, mpaka simu ikakatika bila mtu kusema la maana. Ulichoambulia ni “Baba mzima, Baba mzima” tu. Sasa kaa chini nikueleze. Na usiruke kwenda mwisho wa barua, nakujua.

Nianze na barua yako ya Januari, maana ilinikata maini. Uliandika kwamba kitabu hiki cha nane ndicho cha mwisho kukiandika kwa lugha yetu. Eti tangu Baba apigwe na kiharusi huna tena wa kumwandikia, na kuanzia sasa utaandika moja kwa moja kwa lugha ya huko, umpelekee mhariri, basi. Sikukujibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakata tamaa.

Siku ile niliinama nikavitoa vile saba vya kwanza chini ya kitanda cha Baba. Duniani watu wanavisoma kwa lugha ya wenyeji wako, lakini kwa lugha yetu kila kimoja kina nakala moja tu, na zote tunazo sisi. Kile cha kwanza, loo! Ulikiandika nyuma ya vikaratasi vya dobi, enzi zile unapiga pasi mashati ya watu baada ya miaka miwili ya kuosha masufuria ya hoteli. Ukurasa wa arobaini una alama ya pasi mpaka leo. Niliinusa, nikacheka peke yangu.

Unakumbuka wachapishaji tisa walivyokirudisha? Ukamtumia Baba ili akuonee huruma. Huruma gani! Nilimsomea hapa hapa, yeye anapinda suruali ya mtu, na jibu lake nilikuandikia neno kwa neno: “Mwambie kwamba yule mlinzi wa kitabuni ndiye aliyeua. Nimemjua tangu sura ya tatu. Afumue, ashone upya.” Ulinuna miezi miwili. Kisha ukafumua, na wa kumi akakichapa.

Toka hapo ikawa sheria ya nyumba hii. Kitabu hakiendi kwa mhariri kabla sijamsomea Baba, na akimjua muuaji kabla ya sura ya mwisho, unafumua. Akishamjua anaandika kwa chaki yake ya kukatia nguo kwenye kipande cha kitambaa, anakikunja, anakiweka chini ya pasi hadi tumalize. Vitabu saba, mara saba kakukamata. Kile cha nne ulikifumua mara tatu! Huko wanakupa tuzo na picha yako inatoka gazetini umeshika kidevu kama profesa, na kumbe huku fundi wa suruali hujawahi kumchenga hata siku moja.

Ndiyo maana kiharusi kilituvunja vile. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukafa. Daktari aliniambia sauti anasikia, ila anaelewa kiasi gani hatuwezi kujua. Hilo “kiasi gani” nimelibeba miezi saba. Wageni wakija wanamsemesha kama kichanga, “Babu, babu, umekula?” Nami nakuungamia jambo, mdogo wangu, usimwambie mtu: nilianza kumwimbia. Baba yetu, mtu aliyeshonea maharusi wa mji mzima, mimi namwimbia nyimbo za kubembelezea watoto. Najionea aibu.

Kitabu chako hiki cha nane nilianza kumsomea kwa kutimiza wajibu tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana namkalisha kwenye kiti chake, yeye anaitazama cherehani iliyofunikwa shuka, mimi nasoma kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mwenye nyumba akauawa kwenye ngazi, sawa. Wapangaji wakahojiwa mmoja mmoja, yule mpiga picha, yule mwalimu wa kinanda, yule daktari wa meno mwenye adabu zake, sawa. Sura nane Baba hakutikisa hata unyusi.

Jumatano tukaingia sura ya tisa. Kusema kweli akili yangu ilikuwa kwenye nguo nilizoanika, maana wingu lilikuwa limetanda. Ghafla Baba akapiga mkono wa kiti kwa mkono wa kushoto. Pa! Nikampa maji, akageuza uso. Nikamwekea mto. Pa! Nikamwita shemeji yako, tukambeba msobemsobe hadi chooni, akatutazama wote wawili kama wapumbavu. Haja hana. Tukamrudisha. Nikasoma mstari mmoja mbele, pa! tena, na safari hii akanyoosha kidole kwenye karatasi.

“Baba, umechoka? Niache?”

Pa!

Ndipo nikatazama namba za kurasa. Mia na kumi na moja, halafu mia na kumi na nne. Ile dawa yake ya maji, ile tamu, nilikuwa nimeimwaga juu ya kitabu asubuhi, na karatasi mbili zikagandana. Mpelelezi wako alikuwa ndiyo kwanza anageuza kola ya koti la marehemu, na mimi katikati ya sentensi nikamwunganisha na watu wanaotoka makaburini, wala sikushtuka. Msomaji mwenye macho mawili sikushtuka. Yeye alishtuka!

Weee! Nikakaa sakafuni. Anaelewa. Mdogo wangu, miezi saba yuko mle ndani mzima mzima, anatusikiliza upuuzi wetu na nyimbo zangu! Nilimshika magoti nikamwomba radhi, akanipiga kibao chepesi cha kichwa na kuonyesha karatasi tena. Hana muda wa machozi, anataka kurasa zake.

Nikazibandua kwa mvuke wa birika, polepole, tusipoteze hata neno. Nikamsomea lile koti: vifungo vinne vimeshonwa kwa uzi mweusi, cha tano kwa uzi mweupe, mwembamba, unaoteleza. Baba akafumba macho kama anavyofanya akipapasa kitambaa kigeni. Alipoyafumbua akaonyesha kopo la chaki.

Alichora kwa mkono wa kushoto, mkono ambao maisha yake yote kazi yake ilikuwa kushika tu. Chai yangu ikapoa hadi ikafanya utando. Nikataka kumsaidia kukikunja kitambaa, akakataa, akakikunjia gotini mwenyewe. Nikakiweka chini ya pasi. Shemeji yako alitaka kuchungulia siku zote tatu, nikawa namfukuza kama paka jikoni.

Jana mchana tukamaliza. Kumbe ni yule daktari wa meno, mshenzi yule, alirudishia kile kifungo cha tano kwa uzi wa kusafishia meno! Mimi nilikuwa naapa ni mpiga picha. Basi tukainua pasi, tukafunua kitambaa. Shemeji yako akasema, hii ni stuli. Mimi nikasema, hapana, ni suruali, ona miguu miwili. Baba akatuangalia kwa huruma kubwa, akapanua mdomo, akagonga gego lake kwa kidole. Tok, tok.

Jino!

Nilicheka nikalia, nikacheka tena. Na yeye akacheka, mdogo wangu. Mdomo ulikwenda upande mmoja tu, na sauti haikutoka, lakini mabega yalitikisika vile vile kama zamani. Usiku nimelala hadi asubuhi bila kuamka hata mara moja, jambo lililonishinda tangu Agosti. Daktari kaja leo kumtazama nikamweleza, naye akacheka, akasema mwezi huu tuanze mazoezi ya kuandika kwa kushoto.

Kwa hiyo pole sana, mwandishi mashuhuri. Umekamatwa sura ya tisa. Mpigie mhariri wako leo leo umwambie kitabu hakijawa tayari, na akiuliza sababu, mwambie kuna mzee mmoja hajaridhika. Kitambaa nimekitia ndani ya bahasha hii. Kishike kwa uangalifu, chaki inafutika.

Wifi yangu mpe salamu nyingi, mwambie yale maagizo ya lishe aliyonitumia nayafuata yote. Wanangu wabusu, waambie shangazi anawaandalia sweta. Shemeji yako anakusalimu na anasisitiza kwamba ilikuwa stuli. Mungu akulinde ugenini, ailinde mikono yako na akurudishe ukae kwenye kile kigoda chako karibu na cherehani wakati Baba angali anacheka.

Karibu nisahau. Asubuhi nilimuuliza Baba nikuandikie nini kutoka kwake. Alitazama huku na huku, akachukua ule mkasi wake mdogo wa kufumulia, akauweka juu ya kitabu chako. Bado upo pale pale. Kila nikitaka kuuondoa nifute meza, pa!

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna