Usukani wa Kushoto

Temeke, Dar es Salaam
Juni 1969

Kaka yangu Theonest,

Shikamoo. Vipi baridi ya Ujerumani, imekulegezea hata kidogo? Sisi hapa Temeke hatujambo. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo wake mzima, na Baba anakusalimu kwa namna yake, yaani kila siku anauliza kama posta wameleta kitu.

Kifurushi chako kilifika. Baba alivimwaga mkekani vile vipande vya plastiki, akatazama picha ya gari kwenye boksi, akauliza likishaunganishwa linafanya nini. Nilipomwambia linakaa kabatini watu walitazame, aliguna. Alisema ameendesha malori tangu enzi za Mwingereza, hawezi kuja kufuga gari lisilotembea uzeeni.

Basi akaenda kwa Mzee Romani, yule jirani yetu mchonga vinyago. Romani akatafuta ubao mpana wa mninga, akauchimba mfereji mwembamba wa kuzunguka. Baba akalaza nyaya mbili za shaba kandokando ya mfereji, akakata sakafu ya gari, akaingiza mota ya kigari cha bati kilichokwisha kufa. Chini ya pua akapachika kijiti cha kuingia mferejini na vipande viwili vya shaba vya kugusa zile nyaya. Umeme unapita ubaoni, gari linafuata mfereji, na mzee wako anasimamia kama trafiki.

Ila kabla ya hapo aligombana na usukani. Hao Wajerumani wameuweka kushoto! Baba alisema dereva akikaa huko, barabara zetu zitamuua hajafika hata Chang'ombe. Akaukata, akaubandika kulia, na Romani akamchongea dereva mdogo wa mpingo. Siku ya kulijaribu, kwa kiherehere chake, Baba akaunganisha betri ya lori. Kaka, gari lilipofika kwenye kona liliruka likatua ndani ya sufuria ya ndizi! Mama alisema mwenye gari ndiye atakayezila. Tulicheka mpaka machozi. Sasa tunatumia betri za tochi, na linakwenda kwa adabu.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikamkuta Baba peke yake barazani. Amefungua paa la gari, anamhamisha dereva. Usukani umerudi kushoto. Nikamuuliza kulikoni, naye akanijibu bila kuniangalia kwamba dereva hufuata barabara ya kule anakokaa. Halafu akaniuliza mkeo anaitwa nani.

Nilikosa pa kuficha uso. Yale uliyoniandikia kuhusu Helga, na hiyo kazi uliyoipata huko, sijamwambia mtu, nakuapia. Baba alisema hakuhitaji kuambiwa. Mtu anayerudi nyumbani hatumi zawadi ya babake kwa posta, huja nayo mkononi. Kumbe alijua tangu alipofungua boksi. Siku ile ya sufuria tulipokuwa tunacheka, alikuwa anajua. Aligusia kwamba nchi ilikusomesha na inakungoja, kisha akaacha, akaendelea kupaka gundi. Nililia mimi, Kaka. Nilikuwa na hasira nawe, na bado ninayo kidogo.

Jana aliurudisha ubao kwa Romani. Sasa ubao una mfereji wa pili, sambamba na ule wa kwanza, na hauna gari. Baba anasema gari la mfereji huo usilitume. Ulilete mwenyewe, uje na Helga, na safari hii hatagusa usukani wake.

Mama hajui bado. Hilo nakuachia wewe, maana mimi siuwezi mdomo wake. Romani anakusalimu, anauliza kama huko wanaujua mpingo. Msalimu Helga, ingawa hanijui.

Baba anawasalimu nyote wawili. Leo amesema mwenyewe.

Mdogo wako,
Auleria