Mfongo wa Juu na Maporomoko Yaliyonyamaza

KAMATI YA KORONGO LA KISARU
Jumapili, 5 Oktoba 1997, darasa la chekechea, baada ya ibada ya pili

Waliohudhuria: Bi. Elisifa (Mwenyekiti), Bw. Ronald (mwongoza wageni), Mzee Melkior (mkulima), Bw. Eliufoo wa Soweto, Moshi (Katibu).
Asiyehudhuria: Bi. Doris, yuko sokoni Kiboriloni, kwa taarifa.

KUMB. NA. 1/10/97: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 6:20 mchana kwa sala. Aliomba wenye kuteta watete humu ndani, si njiani.

KUMB. NA. 2/10/97: WAGENI WALIOKUTA MWAMBA
Bw. Ronald alieleza kwamba Jumamosi, tarehe 27 Septemba, alishuka korongoni na wageni tisa, mwendo wa saa mbili. Walivuka mto mara tatu na kuteremka kwa kushika mizizi. Walipofika maporomokoni walikuta mwamba umelowa tu. Mama mmoja mgeni alimwuliza kwa upole kama wamepotea njia. Bw. Ronald alisema swali hilo lilimuuma kuliko tusi.

Mzee Melkior alikiri kwamba alfajiri ile alifungua banio, yaani kilango cha maji, kwenye mfongo, mfereji wa wazee unaochukua maji juu ya maporomoko. Migomba yake ilikuwa imeanza kukunja majani.

Bw. Ronald alitaka banio lizibwe kabisa. Alisema mfongo ulionywesha vihamba, mashamba ya ukoo, arobaini sasa unanywesha kimoja. Wengine wameng'oa kahawa, wengine wamehamia mjini. Mzee Melkior alimjibu: "Kijana, hicho kimoja ndicho ninachokula."

KUMB. NA. 3/10/97: MWENYE MFONGO
Mzee Melkior alikumbusha kwamba kwa desturi mfongo hufungwa na ukoo uliouchimba, na wa ukoo huo aliyebaki ni Katibu peke yake. Bw. Ronald alisema mtu aliyeondoka mwaka 1961 hawezi kuamua maji ya leo. Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Aliifuta. Katibu ameiandika kwa kuwa ni ya kweli: alikuwa mtoto wa kati, ambaye kwa desturi harithi, hakupata kihamba, akaondoka.

Katibu alieleza jinsi utotoni mwake pembe ilivyopigwa asubuhi kuita watu kusafisha mfongo, na pombe ya mbege iliyowangoja jioni. Watoto hawakuhitaji kwenda kuangalia kama banio limefunguliwa. Maporomoko yalinyamaza, kisha maji yakasikika nyuma ya nyumba. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba muda unakwenda.

Katibu alisema hatauziba mfongo wa babu yake. Alipendekeza banio lifungwe Jumamosi tu, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, wageni wayakute maji. Bw. Ronald aliafiki. Mzee Melkior aliafiki kwa sharti moja: mkono unaofunga uwe wa ukoo.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu, mwenye miaka sabini na moja, kama magoti yake yatafika banioni kila wiki. Katibu alijibu kwamba kwa miaka thelathini na sita alikosa sababu ya kupanda, si magoti.

Mzee Melkior alisema: "Basi upite kwangu kwanza. Huwezi kwenda banioni na njaa."

AZIMIO: Katibu aanze Jumamosi, tarehe 11 Oktoba.

KUMB. NA. 4/10/97: KUFUNGA
Wajumbe waliondoka saa 8:05 mchana. Bw. Ronald na Mzee Melkior walitoka kwa mlango mmoja.

Elisifa, Mwenyekiti ....................
Eliufoo, Katibu ....................