Ramani Yangu Inamhamisha Mama Mdogo

Mshauri wangu, roho imejaa uchungu na sina wa kumweleza, nisaidie.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika jiografia, utafiti wangu ni kuchora ramani inayoonyesha mafuriko yalifika wapi, nikachagua bondeni anakokaa mama mdogo, ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanipa chumba na kunizungusha nyumba kwa nyumba akisema huyu binti yangu, msimwogope, na kazi yenyewe ilikuwa kumwomba mwenye nyumba aweke mkono ukutani maji yalipofika nami niandike kimo, sasa watu wakadhani naandikisha wa kupewa msaada, basi huyu anaweka mkono kifuani, yule begani, na doa la tope liko palepale ukutani, chini ya goti, mimi naliona, naandika bega.

Nilimwambia profesa anayenisimamia kwamba madoa na maneno havilingani, akasema ushuhuda wa wakazi ndio nguvu ya utafiti wangu, nisijichanganye, nami nikaufyata kwa sababu bila sahihi yake sitoki pale chuoni. Ramani ikatoka nyekundu bonde zima, akaichapisha kwenye jarida jina lake likitangulia langu, kisha akaipeleka halmashauri bila hata kuniambia, na halmashauri wamesema bonde halifai kukaa watu, wamepiga alama ya kubomoa kwenye milango, wa mama mdogo ukiwemo.

Nilipomfuata profesa hakunyanyua hata macho. "Ukisema ramani ina kasoro, mwezi ujao utatetea nini mbele ya jopo? Chagua." Mama mdogo hajui habari za madoa, anawatuliza majirani kwamba binti yake msomi atazungumza na wakubwa, na jana kanipigia, "Mwanangu, umeshaongea nao?" nikamjibu bado. Namchukia profesa, najichukia mwenyewe, nikinyamaza napata udaktari wangu, nikisema naukosa na nyumba huenda zikabomolewa vilevile. Nifanye nini?

Binti wa Bondeni

MSHAURI ANAJIBU

Binti, pole, ila pole yangu ni fupi.

Profesa wako ni mtu wa kuvuna alipolima mwenzake, na lawama zake hazipungui kwa haya nitakayokwambia. Majirani waliongeza kimo kwa sababu wana shida na walidhani msaada umefika. Wewe uliandika ukiwa na macho mazima. Hapo usimsingizie mtu.

Na hayo ya "huenda zikabomolewa vilevile" yaache. Hayo ni maneno ya mtu anayetafuta ruhusa ya kunyamaza, na kwangu hutaipata. Wewe ukikosa shahada utalia, utatafuta kazi, utaishi. Mama mdogo akikosa nyumba atalala wapi? Kwenye chumba chako cha chuoni?

Rudi bondeni wiki hii, kabla watu hawajapaka kuta rangi. Pima kila doa, lipige picha mwenye nyumba akiwa amesimama kando yake. Ambako maji yalifika begani kweli, andika bega, maana wapo wanaopaswa kuhama na hutawasaidia kwa kuwaficha. Kisha waandikie halmashauri kwamba ramani ile si sahihi na kazi ya kusahihisha inaendelea. Nakala ipeleke kwa mkuu wa masomo ya uzamivu na kwa wahariri wa jarida. Usimpitishie profesa kwanza, atakutia maneno mdomoni kama alivyozoea. Mbele ya jopo litaje kosa hili mwenyewe kabla hujaulizwa. Watu wenye haki watakurudisha ukarekebishe. Wasio na haki watakufukuza, na siwezi kukuahidi kwamba utakutana na wa kwanza.

Lakini kabla ya yote hayo, anza na mama mdogo. Aache kuwapa watu matumaini ambayo wewe unajua hayapo. Mkalie chini, mweleze bila kupamba, usimtaje profesa mpaka umalize kujitaja wewe. Atakasirika. Huenda asiseme nawe siku hiyo. Kaa hapohapo umsubiri.

Akinyamaza kulia, mpe ncha ya futi ya kupimia aishikilie sakafuni, wewe inua ncha nyingine mpaka kwenye doa, na safari hii usome kimo kwa sauti, asikie.